Rangi Isubiri

Asubuhi baada ya dhoruba, watu wanakuja dukani kutafuta misumari ya bati. Nafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, mwaka wa kumi na moja sasa, na sura hizo nazijua. Wanafika kabla hatujafungua, matope yamewapanda hadi magotini, hawaombi kupunguziwa bei. Wanataka misumari, mbao mbili tatu, turubai, waondoke. Nawaelewa. Nyumba iko wazi na mawingu bado yamesimama juu ya ziwa.

Wiki mbili baadaye wanarudi walewale. Safari hii wanataka rangi na skimu, ule unga wa kulainishia ukuta kabla ya rangi. Hapo ndipo moyo unaniuma, kwa sababu najua ukuta wanaokwenda kuupaka haujakauka. Najua kwa kuwa na sisi tuliwahi kuupaka hivyohivyo, na mama yangu akaulipia kwa kifua chake.

Nyumba yetu iko Igogo, upande wa mlimani, kwenye sehemu ambazo ukizitazama kutoka ziwani huoni njia, unaona mabati na mawe tu. Marehemu baba aliijenga kwa vipande: chumba na sebule kwanza, halafu vyumba viwili, halafu jiko. Nyuma yake kuna jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Tukiwa watoto tulianika nguo juu yake. Ukisimama mlangoni unaiona ghuba yote mpaka ng'ambo ya Kamanga. Wageni wakifika wanasimama hapo kwanza kabla ya kukaribia ndani.

Lakini jiwe halinywi maji. Hilo anayejenga kwenye vilima vya Mwanza inafaa alijue kabla hajauliza bei ya saruji. Udongo huipokea mvua kidogokidogo; jiwe huimwaga yote papo hapo, tena kwa kasi. Hesabu yake ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya jiwe lenye eneo la mita za mraba 200, hizo ni lita 10,000. Chukua matangi mawili ya lita 5,000, yale meusi yanayokaa juu ya minara ya watu, uyapindue nyuma ya ukuta wa chumba cha mama. Na hapo paa sijalihesabu.

Mara ya kwanza maji kuingia ndani ilikuwa vuli, miaka mitatu iliyopita. Yalipita chini ya mlango wa nyuma, yakafika kwenye vifundo vya miguu, yakalala humo hadi alfajiri. Tulifanya kama wengi wanavyofanya. Tulikumba maji, tukapiga deki, tukafungua madirisha siku mbili, tukatandika tena kapeti la plastiki. Krismasi ilikuwa inakaribia na mama alikuwa na zamu ya kupokea jumuiya nyumbani, kwa hiyo nikachukua rangi kazini wakate kwenye mshahara. Fundi akaja, akapiga skimu, akapaka rangi ya mafuta kuanzia chini hadi usawa wa kiuno kwa sababu hiyo inafutika. Nyumba ikang'aa. Watu wakatupa hongera.

Kufika Pasaka rangi ilikuwa imetoa malengelenge. Ukibonyeza moja kwa kidole linapasuka na maji yanachuruzika. Nyuma ya kabati la mama ukuta ulikuwa umejaa madoa meusi ya duara, mengine madogo kama mbegu ya mchicha, mengine yameungana, na nguo zake zilinuka kama gunia la mahindi yaliyovunda. Mama ana pumu tangu ujana wake. Ilikuwa imetulia miaka mingi. Mwaka ule tulikwenda naye hospitali usiku mara nne. Mara ya nne, daktari mmoja, binti mdogo tu, kabla hajaandika dawa aliniuliza: "Bibi analala kwenye chumba chenye unyevu?"

Nilimjibu hapana. Nilisema nyumba tumeipaka rangi juzi tu.

Ukuta wa tofali hunywa maji kama utambi wa koroboi unavyopandisha mafuta ya taa. Maji yaliyosimama sakafuni kimo cha kifundo yanaweza kupanda ndani ya tofali na plasta hadi gotini au kupita, wewe huoni. Sura ya nje ya plasta hukauka kwa siku chache, ikarudia weupe wake, ukaigusa kwa kiganja ukaona imepona. Ndani bado kumejaa. Ukiipaka rangi ya mafuta siku hiyo umeziba njia ambayo maji yangetokea, na yenyewe hayakai bure, yatatafuta njia nyingine. Yatasukuma rangi. Yatapita chini ya kapeti. Yatahamia kwenye mbao za kabati na kwenye mgongo wa kochi. Kuvu, ambayo mtaani tunaiita fangasi, haihitaji hata wiki: kitu kikikaa kimelowa siku moja hadi mbili, inaanza kuota, na vumbi lake ndilo linalomkaba mtu mwenye pumu.

Basi masika ya mwaka huu yalipotuletea dhoruba ya pili, nilikuwa nimeshaapa.

Dhoruba za ziwa letu zina tabia ya kuja usiku. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja kwetu. Usiku mambo hugeuka. Ardhi inapoa, ziwa linabaki na joto lake, upepo unateremka kutoka nchi kavu za pande zote na kukutana katikati ya maji; unapokutana unapanda juu na kubeba mvuke, na ziwa la kilomita za mraba zipatazo 68,800 lina mvuke wa kutosha. Ndiyo maana wavuvi wa dagaa, ambao kazi yao ni usiku wa giza na taa juu ya maji, wanalitazama wingu kwa hofu ambayo sisi wa nchi kavu hatuijui. Na sisi wa ukingoni tunakuja kuamshwa saa tisa, saa kumi za usiku, na kitu kilichozaliwa huko walipo wao.

Kwanza nilisikia bati. Haukuwa mlio wa kugongwa. Ulikuwa mlio wa kukwanguka, mrefu, kama mtu anafungua kopo kwa kisu. Halafu kishindo, halafu mvua ikawa ndani ya nyumba.

Wengi wanadhani upepo hulisukuma bati. Hulinyanyua. Ukipita kwa kasi juu ya paa unalivuta kwenda juu, na ukiingia chini ya ile sehemu inayochomoza nje ya ukuta unalisukuma kutoka chini, kwa hiyo misumari ya pembeni inapambana na nguvu mbili kwa wakati mmoja. Ya kwetu ilikuwa ya zamani, mipira ya chini ya kofia zake imeshakauka na kupasuka, na mabati yenyewe geji 32. Nasema hili kwa sababu kila siku dukani narudia kulieleza: geji ikipanda namba, bati linapungua unene. Geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Mtu anaona namba kubwa anadhani amepata bati gumu. Kwetu yaliondoka mabati matatu ya kona ya ziwani. Kenchi, zile mbao zinazobeba paa, hazikutikisika, kwa kuwa baba alipojenga alizifunga kwa nondo nyembamba alizoziacha zikichungulia kutoka kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Nilimshukuru mle gizani, kwa sauti.

Dari la sebule lilikuwa limeshaanza kutoa tumbo. Ni jipsamu, tuliiweka mwaka ule wa rangi, na maji yalikuwa yanakusanyika juu yake kama kwenye beseni. Mama alishika ufagio akataka kuliegemeza. Nilimvuta mkono. Dari lililobeba maji linaweza kushuka lote kwa mara moja, na jipsamu iliyolowa ni nzito, inavunja bega la mtu mzima. Nikawatoa wote sebuleni, nikasimama mlangoni nikiwa nimejiegemeza fremuni, nikafunga msumari kwenye ncha ya mti wa ufagio, nikalitoboa tumbo lile pale lilipokuwa limening'inia zaidi. Maji yakaanza kushuka kwenye ndoo, uzi mmoja mwembamba, wa kahawia. Ndoo nne. Dari halikuanguka usiku ule.

Kabla ya dari tulikuwa tumeshughulikia umeme, na naomba msomaji alishike hili kuliko yote. Meni swichi yetu iko ukumbini, na ukumbi ulikuwa bado mkavu, kwa hiyo niliizima. Ingekuwa imebidi nikanyage maji kuifikia, nisingeifikia. Ningewatoa watu nje na kupiga simu wakate kwenye nguzo. Kulipokucha tukaona kwamba waya unaotoka kwenye nguzo umelegea na kulalia ukingo wa bati. Paa la bati lililoguswa na waya wenye umeme ni umeme mtupu, na gata lake, na mlango wa chuma unaogusana nalo. Kijana wa jirani alikuwa ameshaleta ngazi, tena ya chuma, aturudishie mabati. Mama alimpigia kelele ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwake. Tulikaa nje hadi mafundi wa umeme walipokuja, karibu na adhuhuri, na hatukuiwasha meni hadi fundi alipopima soketi moja moja.

Wakati tunasubiri hapo nje, jua limetoka, watoto wanaokota maembe yaliyoanguka, ikaanguka nyumba ya chini yetu.

Ilikuwa ya tofali mbichi, imepigwa plasta ya saruji kwa nje. Ilikuwa imesimama usiku kucha. Upepo haukuitikisa, mvua haikuiangusha, na asubuhi kila mtu alisema afadhali wale wamepona. Maji yalikuwa yanapanda polepole kutoka kwenye msingi. Tofali mbichi likishiba maji linarudi kuwa tope, na plasta ya nje inalificha kama ngozi. Ukuta wa nyuma ulikaa chini, hivyo ndivyo ninavyoweza kueleza, ulikaa chini kama mtu aliyechoka, na paa likaufuata. Hakukuwa na mtu ndani, na sababu ni moja: mjumbe wetu, mzee wa miaka sabini na kitu, alikuwa amepita saa moja asubuhi na kuwatoa. Walimkasirikia. Walitaka kuingia kuokoa magodoro. Yeye akakaa kwenye kigoda mbele ya mlango wao akasema, "Mtanipita mimi kwanza." Nyumba ya udongo iliyolowa inaua wakati wa jua. Mzee yule amelijua hilo tangu utoto wake, na nilitamani lingekuwa linatangazwa kwenye redio kila masika.

Mambo ya makaratasi niyapitie haraka. Nilipiga picha kila chumba kabla sijasogeza kitu. Hatuna bima ya nyumba, kama wengi mtaani kwetu, lakini mwenyekiti wa mtaa alikuwa anaandika orodha ya walioathirika na picha zilirahisisha. Aliye na bima asitupe hata godoro kabla ya kupiga picha. Kitu kilichonifaa zaidi kilikuwa penseli. Maji yalikuwa yameingia tena kwa nyuma, na kabla alama yake haijafifia ukutani nilichora mstari juu yake, vyumba vyote. Siku ya tatu unyevu ulikuwa umeshapita juu ya mstari wangu kwa kiganja kizima. Siku ya sita, viganja viwili. Maji sakafuni hayakuwepo tena, lakini yalikuwa bado yanapanda.

Sasa nikaanza kufungua. Nilitoa kapeti la plastiki, nikalikunja, nikalitupa nje, na chini yake sakafu ilikuwa inatoa jasho. Nikavuta makabati na makochi katikati ya vyumba, kila mguu juu ya kipande cha tofali. Godoro la sponji lililoguswa na maji ya nyuma nililitupa, maana mlimani kwetu vyoo vingi ni vya shimo na mvua kubwa ikija maji yake yanachanganyika na yote yanayoteremka. Sponji ikinywa maji hayo huwezi kuisafisha. Unga na mchele tukamwaga. Vyombo tukaviosha kwa sabuni kisha kwa maji yenye jiki. Jipsamu iliyolowa tukaishusha yote, maana ikishalainika hairudii ugumu wake, inabaki kulea kuvu juu ya vichwa vya watu. Halafu nikaleta patasi na nyundo nikaanza kubandua plasta, kuanzia sakafuni hadi kiganja kimoja juu ya mahali unyevu ulipofika.

Mama alikaa mlangoni akinitazama. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, unaivua nyumba ya baba yako nguo."

Nilishusha nyundo. Sisi tumelelewa kusitiri. Mgeni akija unafunika kochi lililochanika kwa kitambaa, unageuza zulia upande usio na doa, unafunga mlango wa chumba ambacho hakijatandikwa. Ni adabu, na ni adabu nzuri. Mama ni mtu anayefagia uwanja kabla ya alfajiri ili wapitao wakute mistari ya ufagio. Kumwambia akae kwenye nyumba yenye tofali wazi, dari limetobolewa mpaka kenchi zinaonekana, wiki baada ya wiki, na kila siku wanakuja watu kutoa pole, lilikuwa jambo zito kuliko mabati matatu. Nilijua hilo. Nikamwambia, "Mama, mara ile tuliisitiri nyumba, ukalala hospitali wewe." Hakunijibu. Alinyanyuka akaenda jikoni. Baadaye alinitolea chai nje.

Jirani yetu wa juu, mama mmoja wa Kisukuma ambaye mtaa mzima tunamwita mayu, alikuja jioni na mkeka. Aliangalia kuta zile, akazigusa, akamwambia mama, "Hata kidonda ukikifunga kibichi kinaoza." Kwao ana friza la kuuzia barafu na samaki. Friza hilo lina sehemu yake katika habari hii.

Kwenye droo ya chini ya kabati kulikuwa na bahasha ya picha: harusi ya baba na mama, ubatizo wetu, baba akiwa amesimama juu ya lile jiwe na koleo mkononi siku ya kuchimba msingi. Zote zimelowa, zimeshikana kama chapati zilizopangwa zikiwa za moto. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuzibandua. Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi maktaba alinizuia kwenye simu. Picha zilizoshikana ukizivuta unabaki na karatasi nyeupe mkononi, sura imehamia kwenye picha iliyoshikana nayo. Alisema: zilizojitenga zisuuze kwenye maji baridi safi, usisugue, usiguse upande wa sura, zitundike kwenye kamba kivulini. Zilizoshikana, kama huna nafasi ya kuzishughulikia leo, zitie kwenye mfuko wa plastiki uziweke kwenye friza. Baridi kali haiponyi picha, ila inasimamisha uharibifu, kuvu haioti, na utapata muda. Hivyo ndivyo harusi ya wazazi wangu ilivyolala siku kumi na moja katikati ya sato na sangara kwa mayu, ndani ya mifuko miwili, pamoja na hati ya kiwanja. Jumapili moja nilizitoa, nikaziacha ziyeyuke ndani ya beseni la maji safi, nikazisubiri zijiachie zenyewe. Kona zimeliwa, ile ya ubatizo wangu imepotea nusu. Baba na koleo lake yupo mzima.

Kukausha ndiko kulikochukua muda, na ndiko kulikonifundisha. Hewa ya huku kwetu alfajiri imejaa unyevu wa ziwa. Ukifungua madirisha usiku kucha unaukaribisha ndani. Tulifungua kuanzia saa nne asubuhi jua likishakolea, tukafunga jioni na kila mvua ilipotishia. Feni niliiweka dirishani ikitazama nje, iivute hewa ya chumbani na kuitoa, kuliko kuipuliza ukutani ambako ingezungusha unyevu uleule. Weusi kwenye vigae vya bafuni na vitu vya plastiki niliusugua kwa jiki, robo lita kwa lita nne za maji, nimevaa glavu na barakoa, madirisha wazi. Jiki haichanganywi na dawa ya choo yenye asidi hata tone, inatoa hewa ya sumu. Na kwenye plasta haisaidii, inang'arisha doa juu huku mzizi ukibaki ndani. Plasta iliyoota kuvu inabanduliwa.

Mtu mmoja, kwa nia njema kabisa, alitushauri tuwashe majiko ya mkaa vyumbani usiku ili kuta zikauke haraka. Msifanye hivyo. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa isiyo na harufu wala rangi, na familia inalala isiamke. Hakuna ukuta wenye thamani hiyo.

Kujua kama ukuta umekauka hakuhitaji mashine. Chukua kipande cha nailoni safi, ukubwa wa ukurasa wa daftari, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne pasiwe na upenyo, kiache hadi kesho. Asubuhi ukikuta umande kwa ndani, au ukuta chini yake umekoza rangi, maji bado yanatoka. Mimi nilibandika vipande kumi na sita nyumba nzima na kila kimoja nikakiandikia tarehe. Wiki ya kwanza vyote vililia. Wiki ya tano vililia kumi.

Wakati kuta zinapumua nilishughulika na nyuma, kwa sababu ukuta ungekauka leo na vuli ingeulowesha tena. Fundi alichimba udongo uliokuwa umerundikana nyuma ya nyumba miaka na miaka. Ulikuwa umepanda juu ya usawa wa sakafu yetu, kwa hiyo ukuta wa chumba cha mama ulikuwa unaishi umezikwa. Tukachimba mtaro kati ya jiwe na nyumba, wenye mteremko, tukaujaza kokoto, na ule ukuta mdogo wa mawe unaozuia udongo tukautoboa matundu maji yapite badala ya kuusukuma. Swali gumu lilikuwa mtaro uishie wapi. Ukiumwaga kwa wa chini umehamisha gharika tu, na wa chini yetu walikuwa wameshapoteza nyumba. Tulikaa kikao, kaya saba, mwenyekiti akiwepo, siku mbili za maneno, mpaka tukakubaliana mfereji mmoja unaopita mipakani hadi kwenye mtaro wa barabara, na zamu ya kuusafisha kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Aliyewahi kuuona Mto Mirongo ukifurika katikati ya mji, umebeba chupa na mifuko ya vilima vyote, anajua kwa nini zamu ile ilibishaniwa kuliko mfereji wenyewe.

Wanaokaa mwaloni wana maji ya namna nyingine. Binamu yangu nyumba yake iko karibu na ufukwe, na mwaka 2020, ziwa lilipopanda likapita kile kimo cha mwaka 1964 ambacho wazee walikuwa wanakisimulia, maji yalimfikia bila upepo wala radi, kidole kimoja kwa siku, yakakaa miezi. Hapo kukumba maji ni kazi bure, maana ardhi yenyewe imejaa na yanapanda kutoka chini. Alihama, akasubiri ziwa lirudi. Ile mita 60 kutoka kwenye maji ambayo sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imeiweka isijengwe, tulikuwa tunaiona ni ya kutunyima viwanja. Siku hizi anaielewa kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Mabati tumerudisha ya geji 28 upande wa ziwani, misumari mipya yenye mipira, papi za pembeni, zile mbao zinazopigiliwa mabati, zimesogezwa karibu zaidi. Dari bado liko wazi.

Jumapili iliyopita ilikuwa tena zamu ya mama kupokea jumuiya. Nilimuuliza kama angependa nitundike mapazia kwenye kuta za sebule, siku hiyo moja tu. Akasema hapana. Watu walipokuja walikaa kwenye makochi yaliyo katikati ya chumba, migongo ikitazamana, na baada ya sala mama mmoja akauliza vile vinailoni vya ukutani ni vya nini. Mama alisimama mwenyewe. Alimshika mkono akampeleka hadi ukutani, akabandua kimoja, akampa aguse kwa ndani. Kilikuwa kikavu. Akampeleka cha pili. Nilimsikia akimweleza habari ya utambi wa koroboi, na wengine wakainuka wakawafuata.

Hii ni wiki ya tisa. Vipande kumi na vinne vimekauka. Viwili vya nyuma ya kabati la mama, vilivyo karibu na jiwe, jana asubuhi vilikuwa na umande mwembamba. Nimeubandika upya ule ukuta, nimeandika tarehe. Mama amehamishia kitanda sebuleni na analala vizuri.